Waya Aliokata Kasiani

Kasiani alikuwa na kinywa kilichoshindwa neno moja tu, nalo ni "sijui". Mengine yote alikuwa nayo. Umuulize mvua itanyesha lini, anakujibu. Umuulize kuku wako kwa nini hatagi, anakujibu, na ukimpa kisu atampasua akuonyeshe. Mama yake alimlea hivyo kule Matombo, mtoto wa kiume mmoja peke yake, akisema uongo anapigiwa vigelegele. Mtu umlee hivyo halafu ushangae?

Ufundi aliupata mjini Morogoro, kwenye karakana ya mabasi ya umma, enzi zile mabasi ni ya serikali na fundi anavaa ovaroli yenye jina. Hapo usimtanie. Gia boksi ya basi aliifungua na kuifunga huku anapiga stori. Klachi ya mguu aliijua kama anavyojua mguu wake: ukikanyaga, sahani inaachia na injini inazunguka peke yake, ukiachia, sahani inabana, injini na magurudumu vinakuwa kitu kimoja. Ukisimama bila kukanyaga, gari inaruka kama mbuzi na kuzima. Hayo aliyajua usingizini.

Kwenye miaka ya dhiki, hakuna sabuni, hakuna sukari, na plasta ya kufungia nyaya ndiyo kabisa, mafundi wa karakana walijitafutia njia. Walirarua khanga kuukuu za wake zao, wakachovya kitambaa kwenye nta ya mshumaa iliyoyeyushwa, wakazungushia waya. Ikipoa inakuwa ngumu kama ganda. Kasiani alichukua khanga nyekundu ya mke wake, Martina, ile aliyozalia, wala hakumuomba. Tangu siku hiyo kazi yake ikajulikana kwa kile kitambaa chekundu. Hata plasta zilipokuja kujaa madukani mpaka zinauzwa barabarani, yeye aliendelea na khanga ya mke wake. Alisema ya zamani ndiyo imara. Alikuwa anajivuna tu.

Mwaka tisini na sita wakaja watu wenye tai, wakapita karakana nzima wanahesabu, mpaka vyoo wakahesabu. Shirika linauzwa. Mafundi wakaambiwa wamepunguzwa, na waliokaa nyumba za shirika wahame. Kasiani akatoka na sanduku la spana na ovaroli yenye jina la kitu ambacho hakipo tena.

Hakuwa na pa kwenda ila kwao mkewe, Mkuyuni. Na hapa lazima mtu aelewe. Kwa Waluguru ardhi ni ya upande wa mama. Watoto ni wa ukoo wa mama, shamba ni la ukoo wa mama, na mwanamume aliyekuja kwa mkewe anakaa hapo kwa heshima yake na mikono yake, basi. Akichokwa, anaondoka na alichokuja nacho. Kasiani na Martina, watu wazima wenye binti aliyeolewa Turiani, wakawa wanalala chumba cha uani kwa mama yake Martina, kuku wakipita chini ya kitanda. Martina alikuwa anataka kitu kimoja tu duniani: kiwanja pale chini ya midalasini ya ukoo, ajenge vyumba viwili, aache kuomba ruhusa ya kuinjika chungu.

Mwenye kutoa kiwanja alikuwa Lukasi, mjomba wake Martina, mndewa, yaani mkuu wa ukoo. Mzee mfupi, sauti ndogo kabisa. Wewe mwogope mtu mwenye sauti ndogo.

"Mkwe," Lukasi alimwambia Kasiani mbele ya watu, "kulima huwezi, nimeona. Jembe unalishika kama mtu anayeshika nyoka. Sasa mikono yako inafanya nini?"

"Mjomba, mimi ni fundi."

"Wa mabasi yasiyokuwepo."

Watu wakacheka. Kasiani akacheka nao, lakini jioni hakula.

Basi akafungua gereji Mwembesongo, pembeni ya banda la Mwajuma aliyeuza spea za mtumba. Huyu Mwajuma alikaa Dar miaka saba kwenye mtaa wa spea, na alijua mambo ya ndani ya gari kuliko wanaume wengi waliokuwa wanamwita "mama spea" kwa dharau. Jumatatu Kasiani anashuka mjini, Jumamosi anapanda Mkuyuni. Na magari yakawa yamejaa, kweli. Ruhusa imetoka, kila mwenye kujaliwa analeta gari kuukuu ya Kijapani. Ila yalikuwa otomatiki. Hayana klachi ya mguu. Kasiani alichungulia chini akakuta miguu miwili tu ya chuma, breki na eksileta, na pale alipopajua yeye pamekaa patupu.

Mtu mwingine angesema, jamani hii sijaisoma. Yeye akasema, "Hizi rahisi tu."

Baada ya zile mvua za elinino, ukoo wa Martina nao wakanunua. Walichanga wakulima wote, wa ndizi, wa mdalasini, wa karafuu, wakanunua gari ndogo, saluni nyeupe, otomatiki, ya kubeba mizigo ya sokoni na wagonjwa. Dereva akawa Joseph, kaka yake Martina. Gari nzuri. Ugonjwa mmoja: kwenye vumbi la Mkuyuni mpaka Kiroka inakwenda kama malaika. Ikishika lami, ikakimbia kidogo, halafu Joseph akakanyaga breki asimame, inatetemeka, inaruka kama mbuzi, inazima. Kila siku mbele ya trafiki pale Msamvu.

"Shemeji, gari hii inaogopa polisi," Joseph alimwambia Kasiani.

"Ni plagi."

Akabadilisha plagi. Ikazima. Akasema kabureta, akaiosha. Ikazima. Akapandisha silensa, ule mngurumo wa gari iliyosimama, mpaka saluni ikawa inalia kama mashine ya kukoboa. Ikazima. Lukasi akasubiri wiki tatu, halafu akasema kwa ile sauti yake: "Mkwe akiiponya gari hii, nampimia Martina kiwanja chini ya midalasini. Asipoiponya, tutajua tunaishi na nani."

Siku hiyo Martina alimkaangia mumewe mayai mawili, na mwanamke wa Mkuyuni hakaangi mayai mawili bure.

Jumatatu Kasiani alikuwa chini ya saluni, amelala chali, anatukana, Mwajuma amekaa kwenye ndoo nje ya banda lake anachambua bolti na sahani za breki.

"Fundi," akasema, "hiyo inazima ikitoka kukimbia, eh?"

"Nimeshajua tatizo."

"Kama umeshajua mbona unatukana? Ni konveta hiyo, ile iliyo kati ya injini na gia boksi. Klachi yake ya ndani imeganda. Kuna waya unaingia ubavuni kwa gia boksi, ndio unaoiamrisha. Dar wenye haraka wanauchomoa, gari inaacha kuzima. Lakini..."

Kasiani hakungoja "lakini". Fundi wa miaka ishirini, mwenye ovaroli yenye jina, afundishwe na mwanamke aliyekaa juu ya ndoo? Aliinuka akaenda kunywa chai. Aliporudi Mwajuma ana wateja, naye akaingia chini ya gari, akautafuta waya, akaukata kwa koleo. Ncha akaizungushia kitambaa cha khanga nyekundu, akachovya nta, akaifunga vizuri. Kazi safi, mtu asimsingizie.

Saluni haikuzima tena. Joseph alikwenda nayo mpaka Msamvu, akasimama mbele ya trafiki makusudi, akawasha redio. Jumamosi Lukasi akapima kiwanja kwa miguu yake mwenyewe, hatua arobaini kwa thelathini, akachomeka vijiti vinne. Martina alivizunguka vile vijiti jioni nzima kama mtu aliyepoteza sindano. Wiki ile ile akaanza kufyatua tofali.

Na huko mjini Kasiani akawa mfalme. Gari inazima? Kata. Gari inashtuka ikibadili mwendo? Kata. Mwishowe akawa anakata hata kwa magari mazima, anaita kinga. Mwajuma alijaribu mara mbili kumwambia. Mara ya kwanza akamjibu, "Uza spea, mama." Mara ya pili Mwajuma hata hakumaliza, akarudi kwenye ndoo yake, na alikuwa na haki.

Miezi minne. Halafu siku moja asubuhi Abdi, mmoja wa waliokatiwa waya, aliyekuwa anapeleka mizigo Dodoma, akaja na mkokoteni. Juu ya mkokoteni kuna dude la chuma la mviringo, mfano wa vyungu viwili vilivyofunikana midomo na kuchomelewa. Limebadilika rangi, buluu na zambarau. Akalibwaga mbele ya Kasiani.

"Kula," akasema.

"Nini hii?"

"Konveta yangu. Gia boksi imeungua yote, nimelala porini Gairo siku mbili. Fundi wa Dodoma kaniuliza ni mjinga gani alikata waya. Nikamwambia si mjinga, ni bingwa wa Morogoro. Kula sasa, bingwa."

Akaenda zake. Kasiani alilitazama lile dude. Halafu akachukua msumeno wa chuma akaanza kulikata pale lilipochomelewa. Alikata mpaka adhuhuri, akamaliza meno ya misumeno mitatu, jasho linadondoka kwenye chuma. Lilipofunguka likamwaga oili nyeusi inayonuka kama maharage yaliyounguzwa. Oili hiyo huwa nyekundu.

Mwajuma alikuja akasimama na mikono kiunoni. Hakucheka. Afadhali angecheka.

"Haya, tazama," akasema. "Hii feni inazungushwa na injini. Hii ya pili inakwenda na gia boksi. Unaona zinaangaliana? Hazigusani. Ya kwanza inairushia oili ya pili, ndio inageuka. Ndio maana ukisimama gari haizimi: moja inazunguka, nyingine imetulia, oili inateleza katikati."

"Najua."

"Hujui. Feni ya pili haiifikii ya kwanza, lazima ibaki nyuma kidogo. Kule kubaki nyuma ndio moto, oili inachemka. Ukienda mwendo mfupi haijalishi. Ukikimbia saa nzima, inaungua. Kwa hiyo wenyewe wakaweka hii." Akainua sahani nyembamba, ina utando kama wa klachi ya basi. "Gari ikishika mwendo, waya unaamrisha, oili inaisukuma sahani inabana hapa ukutani. Feni zote mbili zinakuwa kitu kimoja, hakuna kuteleza, hakuna moto. Ukipunguza mwendo inaachia. Ya kwenu ilikuwa imeganda, haiachii, ndio maana ilikuwa inazima. Ilitaka kifungulio kipya cha kwenye gia boksi, kitu kama kidole. Wewe umeifanya isibane milele."

Kasiani aliishika ile sahani. Klachi. Ile ile aliyoijua usingizini, ila haina mguu wa kuikanyaga. Ilikuwa mbele yake muda wote, na mtu alikuwa anamwambia.

"Mbona hukusema?"

"Nilisema 'lakini'. Wewe ulikwenda kunywa chai."

Jumamosi akapanda Mkuyuni na moyo mzito. Alikuwa amepanga maneno. Kufika, akakuta nyumba imechangamka: binti yao Anastasia amejifungua Turiani, mtoto wa kike, na Jumapili baada ya misa ukoo unakwenda kumwona. Joseph anaendesha, Lukasi, Martina, mama yake Martina. Na fundi, likitokea lolote.

"Mkwe," Lukasi akauliza, "Turiani ni mbali. Lami ndefu ile mpaka Magole, halafu vumbi. Gari iko sawa?"

Hapo ndipo palikuwa penyewe. Neno moja. Angesema, mjomba, nilikosea, tusiende nayo, nitatafuta kile kifungulio, nipeni wiki mbili. Wangemcheka mpaka Krismasi, Lukasi angeng'oa vijiti, labda, na labda asingeng'oa. Kasiani akawatazama wote, akaona zile tofali za Martina zimepangwa mia na kitu, zimefunikwa majani ya mgomba zisiloe.

"Iko sawa kabisa, mjomba."

Wakajipakia na mikungu miwili ya ndizi, kapu la mahindi mabichi na jogoo. Kasiani alikaa nyuma, katikati, miguu juu ya kile kinundu ambacho gia boksi inapita chini yake. Mpaka Msamvu, salama. Ikashika lami ya Dodoma, Joseph akakanyaga.

Kufika Mkundi, Kasiani akaanza kusikia joto kwenye nyayo. Kama jiko lililoachwa.

"Simama kidogo, shemeji, nijisaidie."

Wakasimama. Alijisaidia muda mrefu sana. Wakaondoka. Mwendo kidogo tena: "Simama, shemeji."

"Tena?"

"Tumbo."

Mara ya tatu mama mkwe akasema, "Baba Anastasia, umekunywa mto Ngerengere wote?" Gari ikajaa kicheko. Martina peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama mumewe anavyorudi kutoka kwenye majani, hatua fupifupi, anavyoinama kugusa chini ya gari na kutoa mkono haraka.

"Una nini?" akamnong'oneza.

"Sina kitu."

Mara ya nne Joseph alikataa kusimama. Akaongeza mwendo, apate kufika mchana. Harufu ikaingia. Mama mkwe akasema kuna mtu anaunguza maharage. Kasiani akafumba macho. Kabla hawajafika Magole injini ikapiga kelele, ikapanda, ikapanda, na gari ikawa inapungua mwendo, kama mtu anayekimbia ndotoni. Joseph anakanyaga, inalia tu. Ikasimama yenyewe, pole pole, karibu na wauza vitunguu.

Ilikuwa jua la saa saba. Waliisukuma mpaka kwenye njia ya Turiani, Lukasi naye akisukuma, mzee wa miaka sabini na suti ya misa. Trekta la miwa likawaonea huruma, likawavuta kwa mnyororo, kilomita zote zile za vumbi, mpaka kwenye nyumba za wafanyakazi alipokaa Anastasia. Wakwe wote walikuwa nje wamevaa, wanangoja wageni wenye gari. Wageni wakafika wekundu kwa vumbi, jogoo amekufa.

Jirani pale alikuwa Ernest, fundi wa mitambo, mtu wa Iringa, mpole. Akajitolea kutazama. Akaingia chini. Watu wamesimama wamezunguka, wakwe, majirani, Martina ameshampakata mjukuu.

"Kuna waya umekatwa huku," Ernest akasema kutoka chini. "Ule wa klachi ya konveta. Imekimbia bila kubana, oili imeungua. Gia boksi imekwisha hii, wazee." Akapapasa tena. "Na aliyekata kafunga na kitambaa chekundu, na nta. Ufundi wa zamani huu. Nani huyu?"

Lukasi akageuka. "Mkwe, gari umeishika wewe. Nani kakata?"

Na Kasiani, aliyeshindwa neno hilo tangu azaliwe, aliyelikataa mbele ya kabureta, mbele ya Mwajuma, mbele ya mvua na kuku, siku hiyo likamtoka laini kabisa.

"Sijui."

Ernest akatoka chini na kile kipande mkononi. Kilikuwa na ua la khanga bado, nusu ua, jeupe kwenye nyekundu. Hakuna aliyemuuliza Martina. Alimpa binti yake mtoto, akasogea, akakichukua, akakitazama pande zote mbili.

"Khanga yangu," akasema. "Nilimzaa huyu Anastasia juu yake. Ni mkono wa mume wangu."

Kasiani akamtazama. Akatafuta usoni kwake mahali pa kushika, hakupata.

Walirudi kwa lori la mpunga. Mkuyuni Lukasi hakuitisha kikao. Alikwenda mwenyewe chini ya midalasini akang'oa vijiti vinne, akavivunja kwenye goti.

"Mjomba, nitaitengeneza," Kasiani alisema. "Nitatafuta gia boksi nyingine, Mwajuma atanisaidia."

"Gari ni chuma," Lukasi akasema. "Ungesema nilikosea, tungekucheka, tukakupa chai. Mwenye kusema 'sijui' na mkono wake umeandikwa pale pale, huyo siwezi kumpa ardhi ya mama zangu. Nenda kwenu."

Kwao ni wapi? Kule Matombo shamba ni la dada zake na watoto wao. Akamtazama Martina. Martina alikuwa anafunua tofali, anatoa majani ya mgomba, moja moja, anayakunja.

"Mama Anastasia."

"Sanduku lako nimeliweka mlangoni."

Alichukua sanduku. Hakuna aliyemsindikiza, na kusindikiza mtu ni desturi hata kwa mwizi. Siku hizi yuko Mwembesongo bado, anaziba pancha za baiskeli. Magari hawampi. Mtu akimuuliza kitu, njia ya Bigwa ni ipi, saa ngapi sasa, anasema sijui, hata kama anajua.

Tofali zililoa mvua ya vuli, zikarudi udongo. Saluni iko nyuma ya nyumba ya Joseph, magugu yametokea kwenye bodi. Ile konveta yake, Joseph aliitoa akaikata katikati, nusu akampa mama yake anyweshee kuku. Chombo kizuri, kizito, hakipinduki.

Martina bado analala chumba cha uani.